Mguu Umevunjika na Baridi Yabisha Hodi



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na swahaba zake. Ama baada ya hayo, mama zangu na dada zangu, juma hili nawaletea suala la binti yetu mmoja, mzaliwa wa Mji wa Kale, Mombasa, ambaye sasa ni mke na mama wa watoto watatu katika mji wa Leicester, Uingereza. Ameniandikia mwenyewe, na ameniruhusu kuyasema yaliyompata ili yawafae wengine, bila ya kumtaja jina.

Mwishoni mwa mwezi wa Oktoba alifuatana na akina mama wenziwe kwenda kutembea katika vilima vya Peak District. Walipanda kilima kiitwacho Mam Tor, ambacho urefu wake ni mita 517 tu, hata robo ya kilele cha Vuria kule Taita hakifiki. Kupanda walipanda salama. Katika kushuka, mvua ilikuwa imepita na mawe yameingia utelezi. Mguu wa kulia ukamponyoka, akaanguka, na kifundo kikavunjika. Waliomteremsha kwa machela ni waokozi wa milimani, watu wa kujitolea ambao hawapokei mshahara wala hawamtozi waliyemwokoa hata senti moja. Hospitali akafungwa plasta hadi karibu na goti, akapewa magongo mawili, akaambiwa asiukanyagie mguu ule kwa muda wa wiki sita.

Wiki sita hizo zimemwangukia wakati mgumu. Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa za Uingereza hurudishwa nyuma kwa saa moja, na baada ya hapo mchana huzidi kufupika. Ifikapo Disemba, jua la Leicester hutoka kama saa mbili za asubuhi na huchwa kabla ya saa kumi za jioni. Adhuhuri, Alasiri na Maghribi zote tatu huingia ndani ya muda wa saa nne. Mwenye miguu mizima huziona zamfukuza. Sembuse mwenye magongo, ambaye kila udhu ni kupanda ngazi, kwa kuwa nyumba nyingi za kule bafu liko juu. Na mumewe hufanya kazi ya usiku, mchana hana budi kulala.

Lakini maumivu ya mfupa siyo yaliyomfanya aniandikie. Yapo mambo matatu yaliyomkera moyo, nami nitayajibu moja baada ya jingine.

La kwanza ni maneno ya jamaa. Habari ilipofika huku, katika simu za ukoo pakaulizwa, "Mwanamke mwenye watoto mlimani afuata nini?" Mwengine akasema lau angalikaa nyumbani mguu wake ungalikuwa mzima. Ndugu zangu, hilo neno "lau" Mtume (s.a.w.) ametuhadharisha nalo, akatufundisha kwamba hufungua mlango wa kazi ya shetani, na kwamba linapotupata jambo tuseme Mwenyezi Mungu amekadiria, na alitakalo hulifanya. Mwanamke huyu alitoka kwa idhini ya mumewe, pamoja na wanawake wenziwe, katika stara yake, akitafuta afya ya mwili. Hakutenda kosa. Na wenye kuona ajabu mwanamke kupanda kilima wamkumbuke Bibi Hajar, mama yake Nabii Ismail (a.s.), aliyepanda Swafa na Marwa mara saba akimtafutia mwanawe maji. Leo hakuna Hija ya mwanamume wala ya mwanamke isiyopita katika nyayo zake. Ajali haina kinga. Aliyeanguka ngazi za nyumbani kwake na aliyeanguka mlimani wote ni wagonjwa, na haki ya mgonjwa juu yetu ni kumzuru na kumwombea dua.

La pili ndilo zito zaidi. Khalati yake mmoja, kwa nia njema, alimwambia kwamba swala ya kukaa ina nusu ya thawabu, basi asikubali kupunjika. Binti wa watu akawa kila faradhi ajikongoja, asimama juu ya mguu uliovunjika, jasho lamtoka kwa uchungu. Aliporudi hospitali na kupigwa eksirei ya pili, daktari akamwonyesha kwamba mfupa umeanza kuhama mahali pake, na kwamba akiendelea hivyo atapasuliwa na kutiwa vyuma. Ndipo akaniandikia: "Ami, nikikaa naogopa swala yangu, nikisimama naogopa mguu wangu. Nifanye nini?"

Mwanangu, kaa. Kaa na moyo wako ukiwa umetulia. Hiyo nusu ya thawabu ni ya mwenye kusali sunna kwa kukaa ilhali aweza kusimama. Ama mwenye udhuru thawabu zake ni kamili, na Mtume (s.a.w.) ametubashiria kwamba mja akiugua huandikiwa yale aliyokuwa akiyatenda katika uzima wake. Yeye mwenyewe Mtume (s.a.w.) aliwahi kuanguka kutoka juu ya farasi, akachubuka ubavu wa kulia, na mapokezi mengine yataja mguu wake kuteguka. Swahaba walipokwenda kumzuru walimkuta asali kwa kukaa. Na alipoulizwa na Imran bin Huswain, aliyekuwa na maradhi, alimwelekeza asali kwa kusimama. Asipoweza, kwa kukaa. Asipoweza, kwa kulalia ubavu. Wanavyuoni wetu wamefafanua kwamba kutoweza kunaingia ndani yake kuchelea maradhi kuzidi au kupona kuchelewa. Daktari mjuzi na mwaminifu akikwambia kusimama kutauharibu mfupa, basi huwezi kusimama, hata kama nguvu za kusimama waziona unazo.

Ichukue kiti, ielekee Kibla, uuweke mguu juu ya kibago. Rukuu uinamishe mgongo, na sijida uinamishe zaidi kuliko rukuu. Hiyo ni swala timamu.

Ama udhu, plasta haifunguliwi. Katika madhehebu yetu ya Shafi, utaviosha viungo vilivyo vizima kwa utaratibu wake. Ufikapo miguuni utaosha mguu mzima na vidole vilivyo wazi vya ule mwengine, kisha utaipangusa plasta yote kwa mkono ulioloweshwa kidogo, wala huhitaji kuirowesha hadi ikaharibika. Pamoja na hayo utatayammamu kwa udongo safi wenye vumbi, uso na mikono, badala ya sehemu iliyofunikwa. Weka udongo huo katika kijisahani karibu na kitanda, kwani tayammamu hurudiwa kwa kila faradhi, hata kama udhu wako haujatenguka. Wapo maimamu wengine ambao kwao kupangusa peke yake kwatosha. Na kwa kuwa plasta nyingi hufungwa mgonjwa akiwa hana udhu, nayo ni hali ambayo kwetu pana kauli ya kulipa swala baadaye, zungumza na mwanachuoni wa hapo ulipo. Usiitie nafsi yako katika wasiwasi usiku na mchana.

Na kuhusu kukusanya Adhuhuri na Alasiri, au Maghribi na Isha, kauli mashuhuri katika madhehebu yetu haimruhusu mgonjwa. Lakini Imamu Nawawi, naye ni nguzo katika madhehebu haya haya, aliichagua kauli ya kuruhusu, na madhehebu ya Imamu Ahmad yaruhusu. Siku ambayo ngazi zimekushinda, huna lawama kuishika kauli hiyo.

Mama zangu, kuna kisa ambacho kila mwenye kutoa fatwa za jikoni apaswa kukihifadhi. Swahaba mmoja alikuwa safarini, akapigwa jiwe la kichwa, akajeruhiwa. Usiku akapata janaba ndotoni. Akawauliza wenziwe kama ana ruhusa ya kutayammamu. Wakamwambia hawamwoni kuwa na ruhusa na maji yapo. Akaoga, akafa. Habari ilipomfikia Mtume (s.a.w.) aliwakasirikia sana, akawahesabu kuwa wao ndio waliomuua, na akafundisha kwamba dawa ya ujinga ni kuuliza. Wale hawakumtakia ubaya mwenzao. Walidhani uzito ndio dini. Basi tusimwambie mgonjwa neno tusilolijua, maana mfupa wake ndio utakaolipa.

Na wewe mgonjwa, usiione ruhusa kuwa ni upungufu wa imani. Sayyidna Umar (r.a.) alipouliza juu ya kupunguza swala safarini hali ya kuwa watu wamo katika amani, Mtume (s.a.w.) alimjulisha kwamba hiyo ni sadaka ambayo Mwenyezi Mungu amewapa waja wake, basi waipokee. Sadaka ya Mola hairudishwi mlangoni.

La tatu ni nyumba. Asema apika kwa kusimama mguu mmoja, afua za watoto kwa mkono mmoja, na wale akina mama aliotembea nao wakimpigia simu kuuliza kama ahitaji kitu, huwajibu, "Alhamdulillahi, sina haja." Hapa nina maneno kwa watu watatu.

Kwa hao akina mama wa Leicester: wazee wetu walisema mgonjwa haulizwi uji. Msimuulize. Gaweni siku baina yenu, huyu alete chakula Jumatatu, yule achukue nguo Jumatano, mwengine awapeleke watoto madrasa. Ikiwa watu wasiomjua walipanda kilima katika baridi kumteremsha, nyinyi mnaosali naye safu moja hamwezi kushindwa na sufuria ya wali.

Kwa mumewe: Bibi Aisha (r.a.) alipoulizwa Mtume (s.a.w.) akifanya nini nyumbani, alieleza kwamba akiwatumikia watu wa nyumba yake, na wakati wa swala ukifika hutoka kwenda kusali. Teremsha kitanda chini kwa wiki hizi sita, na weka ndoo, birika na beseni karibu naye. Akiona maumivu na uvimbe katika shavu la mguu, au pumzi zambana ghafla, au vidole vyafa ganzi na kugeuka rangi, usingoje asubuhi. Mfikishe hospitali saa hiyo hiyo, kwani huenda damu imeganda au plasta imebana. Na kwa sababu jua la baridi kule halitoshi, serikali ya Uingereza huwashauri watu wote wafikirie kutumia vitamini D, mikrogramu 10 kwa siku, majira ya vuli na baridi. Na wenye kujistiri mwili au wenye ngozi nyeusi wafikirie kuitumia mwaka mzima. Vitamini hiyo ni ya mifupa. Mwulizeni daktari wake.

Na kwetu sisi tulio huku: mama yake alia kwa kuwa hawezi kwenda kumwuguza. Mama, dua yako yavuka bahari bila ya viza. Mpigie simu, msomee, mchekeshe. Na wale waliozoea kupokea kwake mwisho wa mwezi, mwezi huu na ujao nyamazeni. Asipotuma, asiulizwe. Hiyo nayo ni zawadi kwa mgonjwa.

Mwisho, wenye kupenda kutembea, wa huko na wa kwetu waendao Taita, wasiache kwa sababu ya kisa hiki. Waangalie tu: viatu vyenye meno, tochi, habari ya njia na saa ya kurudi iachwe kwa mtu nyumbani, na kushuka kuanze mapema kabla ya jua kuelekea kuchwa. Wachukue na filimbi. Alama ya kuomba msaada milimani Uingereza ni mipulizo sita ndani ya dakika moja, kisha kutulia dakika moja, na kurudia. Kujihadhari ni katika kutawakali.

Ewe Mola wetu, Mwenye kuunga mifupa iliyovunjika, mponye mwana wetu huyu ponyo lisiloacha ugonjwa, waponye wagonjwa wetu wote wa mbali na wa karibu, utupe ndimi zenye kuliwaza na mikono yenye kubeba. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.