Walifunga Madarasa, Hawakufunga Machimbo

Makamanda, leo mtanisamehe. Naanza kwa kubishana na nyinyi, halafu ndiyo tuhamie kwa Serikali.

Tangu Rais atangaze bungeni Juni 16, 2020 kwamba shule zote zifunguliwe Juni 29, magrupu yetu yamejaa kauli moja: shule zisifunguliwe, watoto wa maskini wanatolewa kafara. Hasira hiyo naielewa. Toka Aprili 29, 2020, zilipotajwa kesi 480, hadi Juni mwaka huo Serikali ya Muungano haikuwa imetoa takwimu nyingine. Tuliambiwa ugonjwa umeondoka kwa maombi, na ukiuliza namba uliitwa si mzalendo. Hapo tuko pamoja.

Siko pamoja na nyinyi mnaposema watoto wabaki nyumbani kwa sababu ndiko salama. Nyumbani kwa nani?

Mimi ni mtoto wa Shinyanga. Chuo kilipofungwa Machi nilirudi kijijini hadi mwisho wa Mei. Yale masomo ya redioni na kwenye televisheni kwetu ni hadithi: redio ni ya baba, na betri ni za taarifa ya habari. Jirani yetu ana binti wa kidato cha pili. Kila jioni alikuja na daftari lake la hisabati, tunakaa nje tunahangaika na milinganyo. Siku moja hakuja, wala kesho yake. Nikamfuata mama yake.

"Shikamoo mama. Mwenzangu yuko wapi?"

"Marahaba mwanangu. Yuko kwa shangazi yake, Geita."

Baadaye nikasikia kumbe ng'ombe wameshahesabiwa. Mdogo wake wa kiume, darasa la sita, naye yuko machimboni anaponda mawe ya karasha. Na mimi, mwanafunzi wa sheria, sikuripoti popote. Niliogopa kuwagombanisha wazazi wangu na jirani. Aibu hiyo ninayo mpaka leo.

Sasa sikilizeni. Machi 17 Serikali ilifunga madarasa. Machimbo haikuyafunga. Maduara yaliendelea, karasha ziliendelea, soko la dhahabu liliendelea. Mtoto akitolewa darasani Geita au Kahama hakai sebuleni na bando la intaneti. Anaingia kwenye uchumi unaomsubiri nje ya geti la shule: wa kiume kwenye mawe na zebaki, wa kike kwa mama ntilie wa machimboni au kwenye mahari. Na huu ni msimu wa mavuno, wakati wa kuoa.

Hili halikuletwa na corona. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2010 ulikuta Shinyanga inaongoza nchi nzima: wanawake 59 kati ya 100 wa miaka 20 hadi 24 walikuwa wameolewa kabla ya miaka 18. Kinachomlinda binti kwetu kila siku si polisi, ni daftari la mahudhurio. Mwalimu anaita jina, haliitikiwi, anauliza. Sheria ya Elimu tangu 2016 inatoa kifungo cha miaka 30 kwa anayeoa au kumpa mimba mwanafunzi, lakini kesi huanza na mtu aliyegundua kwamba mtoto hayupo. Miezi mitatu hiyo ya 2020 hakuna aliyeita majina.

Kwa hiyo, ndiyo, shule zifunguliwe. Lakini Serikali isidhani imepona, maana hapa ndipo ugomvi wangu nayo unapoanza.

Binti aliyepata mimba katika miezi hii, kwa utaratibu wa 2020, atarudi Juni 29 na kufukuzwa. Watasema ni sheria. Makamanda, someni wenyewe Kanuni za kufukuza wanafunzi za 2002, Tangazo la Serikali Na. 295. Neno mimba halimo! Kuna "kosa dhidi ya maadili" na kuna kuolewa, basi. Mimba imeingizwa humo kwa tafsiri, na tangu kauli ya Rais pale Chalinze, Juni 2017, hadi Juni 2020 tafsiri hiyo ilikuwa kama msahafu. Serikali imemtoa mtoto shuleni kwa amri yake, haikumlinda huko ilikompeleka, na sasa inataka kumwadhibu kwa yaliyompata huko. Hiyo ni haki ya wapi?

Na sheria inayoruhusu aolewe akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi? Mahakama ya Rufani ilishamaliza Oktoba 2019, kesi ya Rebeca Gyumi. Bunge limehitimishwa Juni 16 bila kuibadilisha.

Tudai haya. Moja, takwimu zitolewe, na kila shule iwe na maji na sabuni kabla ya kengele ya kwanza, maana darasa la watoto mia halina umbali wa mita moja. Mbili, Juni 29 daftari la Machi lisomwe jina kwa jina, na kila asiyeitika mwalimu mkuu na mtendaji wa kijiji wamfuate hadi alipo. Tatu, mjamzito arudi darasani, na hilo liingie kwenye ilani yetu ya Oktoba bila kumung'unya maneno.

Na sisi tusibaki kwenye simu. Tawi la vijana la kila kata liende shuleni asubuhi ile, liulize nani hajarudi. Mimi nimeshampigia mwalimu wa binti yule. Nimechelewa, lakini jina lake nimelitaja.