Kozi ya mtandaoni: somo limo ndani, mlango ndio hauonekani

Tangu Chuo Kikuu Huria cha Kenya, chenye makao yake Konza, kipewe hati rasmi Agosti 2023, gumzo la kusoma bila kuvuka feri limekuwa kubwa huku kwetu Likoni. Ni habari njema. Mama wa Kisauni mwenye mtoto mchanga aweza kupata cheti bila kupanda matatu. Lakini kila akitajwa mtu aliyeacha kozi njiani, twakimbilia sababu mbili: bando na uvivu. Iko ya tatu, nayo imenipata mimi.

Nilijiandikisha kozi fupi katika chuo kimoja, jina nalisitiri. Wiki ya nne nikapoteza alama 15 kwa kazi ambayo wallahi sikuiona. Na ilikuwamo, ndani ya folda iliyoitwa "Nyongeza 2". Nani atafungua nyongeza kutafuta mtihani? Nilikuwa nimeandika jina la kazi kwenye kisanduku cha kutafuta, kikanimwagia majina ya kozi nyingine za chuo.

Baadaye nikaelewa kwa nini. Vyuo vingi hutumia Moodle, programu ya bure iliyotoka Australia mwaka 2002. Kile kisanduku cha ukurasa wa mbele kwa kawaida hutafuta kozi, si yaliyomo ndani yake. Uwezo wa kutafuta ndani ya masomo ulitiwa katika toleo la mwaka 2016, lakini hauwaki wenyewe; msimamizi wa mtambo lazima auwashe. Kusoma maandishi yaliyo ndani ya faili kwahitaji programu nyingine juu yake. Na mwalimu akipiga picha kurasa za kitabu akazipachika hivyo hivyo, mashine yaona picha tu, haioni herufi. Utatafuta mpaka kesho.

Simu yazidisha mambo. Kwenye kompyuta menyu ya kozi hukaa wazi pembeni. Kwenye simu hujificha nyuma ya alama ndogo ambayo hukuambiwa uiguse. Wengi wetu twasomea simu. Kila ukurasa uliofunguliwa kwa kubahatisha umekula bando, kwa hiyo hata hiyo sababu ya kwanza tunayoitaja, nusu yake yatokana na kupotea.

Siku hizi naanza na kalenda ya kozi kabla ya somo lolote, maana tarehe za kazi hukusanyika pale. Ukurasa ukiwa mrefu, nagusa vidoti vitatu vya kivinjari na kuchagua kutafuta ndani ya ukurasa. Neno moja latosha, tena liwe neno la mwalimu: ukiandika "mtihani" kwenye kozi ya Kiingereza, hupati kitu.

Lakini mzigo huu si wa mwanafunzi peke yake. Chuo kinachochukua ada ya watu wa Changamwe na Likoni kiwape saa moja ya kuwaonyesha njia kabla ya somo la kwanza, kwa Kiswahili, kwenye simu. Na folda ziitwe majina yanayosema kilichomo.

Nilimpigia mwalimu wangu kulalamika. Akacheka, akaniambia hata yeye ile folda huitafuta.