Mkono Unaompima Mama

Kijana akitaka kusomea ekografia, sisi wazazi twauliza kwanza: minervali ni kiasi gani, na cheti kitatoka lini? Maswali hayo hayatoshi.

Mashine hutuma mawimbi ya sauti tumboni na kupokea mwangwi wake. Lakini picha hutegemea mkono unaoiongoza na jicho linaloisoma. Aliyefundishwa majuma machache, ubaoni tu, aweza kutoona kondo la nyuma lililoziba njia ya uzazi. Mama hurudi nyumbani na amani ya uongo, kumbe siku ya kujifungua damu yaweza kumwondoa.

Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani lashauri kila mjamzito apimwe hivyo mara moja kabla ya juma la 24. Kwa wengi, kipimo hicho hakitarudiwa.

Basi tuulize: chuo kimekubaliwa na Serikali? Mwanafunzi atapima wagonjwa wangapi mbele ya mwalimu wake? Je, atafundishwa kukiri “sijui” na kumtuma mama kwa bingwa? Nasi walimu hatukuachiwa darasa kabla ya kufundisha mbele ya wakubwa wetu.

Tukiuza shamba kwa ajili ya masomo, tununue ujuzi, si karatasi. Uhai wa jirani umo ndani yake.