Kivuli cha Adhuhuri

Kila tarehe 22 au 23 Septemba usiku na mchana hukaribia kulingana duniani kote. Kwa ndugu zetu wa Mabira, mkoani Kagera, hilo si jambo geni, maana wao wako karibu na ikweta na siku zao hulingana takriban mwaka mzima. Kigeni kwao ni kivuli: siku chache baadaye jua husimama utosini, na kijiti kilichosimikwa wima hakina kivuli. Kivuli kikichomoza upande wa mashariki, Adhuhuri imeingia.

Basi na tutahadhari! Mabira jua hupinduka zaidi ya nusu saa baada ya Dar es Salaam. Asaliye papo hapo kwa adhana ya redio itokayo huko, amesali kabla ya wakati. Vijana, simikeni kijiti uani, mjionee.