Dada Staa, Hiyo Juisi Yako Usimpe Mtu Aliyepandikizwa Figo

Leo simung'unyi maneno. Kuna staa mmoja wa Dar, jina kapuni maana mnamfuata wote, anatangaza juisi yake ya "kuongeza kinga na kusafisha figo". Sina shida na mtu kutafuta hela. Shida ni pale mfuasi wake alipoandika kwamba kaka yake ndo katoka kupandikizwa figo, naye akamjibu: "Mpe asubuhi na jioni mpenzi, atapona haraka." Kopa mbili, namba ya oda, basi.

Twende taratibu. Mwili wa mtu aliyepandikizwa unaiona ile figo kama mvamizi, kinga yake inataka kuishambulia. Ndo maana anapewa vidonge vya kuishusha hiyo kinga, kila siku, maisha yake yote, kwa saa zilezile. Akimeza saa mbili asubuhi anarudia saa mbili usiku, kuwe na harusi kusiwe na harusi. Halafu wewe unamletea kitu "kinaongeza kinga". Kama juisi yako haifanyi kazi, umemwibia hela. Kama inafanya kazi kweli, unaiua figo. Chagua moja.

Na figo yenyewe haijaokotwa. Hapa nchini anayetoa ni ndugu. Upandikizaji ulianza Muhimbili Novemba 2017, mwaka 2018 ikafuata Hospitali ya Benjamin Mkapa pale Dodoma. Kabla ya hapo ilikuwa safari ya India. Kwa hiyo kuna dada wa mtu leo anaishi na figo moja ili kaka yake apone, we unaichezea na kachupa ka juisi?

Najua nitaambiwa nina wivu. Sawa. Ila mfikirie mgonjwa aliyerudi huku Mpanda. Wa Dar akijisikia vibaya anaita bajaji, dakika chache yuko kwa daktari wake. Huku figo ikianza kugoma ni basi la alfajiri, au treni ya kuzungukia Tabora, na hela ya nauli bado haijapatikana.

Tena tusimsingizie staa peke yake, hata sisi wa Makanyagio na Kashaulili tuna yetu. Mtu katoka hospitali juzi, sebuleni watu kumi na tano, mmoja anakohoa huku kamshika mkono, "pole sana baba". Miezi ya mwanzo ndo ya hatari zaidi jamani! Una mafua? Tuma meseji, na ukiweza tuma nauli ya kliniki. Maji yachemshwe, huku kwetu kipindupindu siyo hadithi. Nyama iive hadi ndani, maziwa mabichi ya wafugaji hapana. Alale kwenye neti. Asibebe ndoo mpaka mshono ufunge vizuri. Homa ikipanda msimpe dawa ya malaria mkasubiri kesho, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Kichwa kikiuma asijinunulie diklofenaki duka la dawa, ile inapiga figo. Hata balungi, tunda zuri tu, linapandisha kiwango cha baadhi ya dawa zake kwenye damu mpaka zinageuka sumu.

Haya mambo ya kuchemsha maji hayapostiwi kwa sababu hakuna mwenye kamisheni hapo.

Sasa dada, najua timu yako inapita humu kila siku. Swali langu ni dogo. Hiyo chupa ina nini ndani, na kabla ya kuandika "mpe asubuhi na jioni" ulimuuliza daktari gani wa figo? Jibu hadharani kama unavyouza hadharani. Na nyie timu yake tiririkeni hapo chini, ila mje na jibu, matusi nimeshayazoea.