Carmen Santos hakuwa pambo la tajiri
Na Rukia Mwinyimkuu

Alhamisi jioni nilikwenda kutazama filamu ya zamani ya Brazil, na hadi leo hasira haijanitoka. Filamu yenyewe haina kosa. Ni Limite, iliyoonyeshwa mara ya kwanza Rio de Janeiro mwaka 1931: watu watatu ndani ya mashua katikati ya maji, kila mmoja na yaliyomkimbiza huko alikotoka, na hakuna anayesikika akisema neno. Kilichonikera ni bwana aliyepewa kipaza sauti kutueleza tunachokwenda kutazama.

Wanaonisoma kila Jumapili wanajua ugomvi wangu na watu wa vipaza sauti ni wa siku nyingi. Msomaji wangu wa Tabora, yule wa "hasira hasara", najua kalamu umeshaishika. Iweke chini kwanza, unisikilize.

Bwana yule alianza vizuri. Mário Peixoto, aliyeiongoza filamu akiwa kijana mdogo kabisa, alipewa sifa zote anazostahili. Edgar Brasil, mpigapicha, naye akatajwa kwa heshima, na kweli mkono wake unaonekana kila mahali. Kisha akamfikia Carmen Santos, anayetokea kwa muda mfupi tu, mwanamke anayekula tunda huku kamera ikimsogelea. Hapo bwana akatabasamu, akasema huyu alikuwa hawara wa tajiri mmoja wa Rio, filamu alikuwa akinunuliwa kama vipuli, akafungua ukurasa mwingine. Ukumbi ukacheka.

Kando yangu alikaa binti mmoja na daftari lake. Alikuwa ameandika majina yote kwa mwandiko wa kupendeza, na mbele ya kila jina kazi ya mtu: mwongozaji, mpigapicha, mwigizaji. Mbele ya jina la Carmen Santos akaandika "hawara", akalipigia mstari chini kwa kalamu nyekundu, kama tulivyofundishwa kufanya kwa jambo la kukumbuka siku ya mtihani. Nilinyoosha mkono. Nikaambiwa maswali ni mwishoni, na mwishoni watu wakakimbilia magari.

Basi nijibu hapa.

Tajiri huyo, Antônio Seabra, alikuwepo, sikatai. Alitoka katika ukoo wa wafanyabiashara matajiri wa nguo, aliishi na Carmen, na fedha zake ziliingia katika filamu za Carmen. Lakini Limite tuliyokuwa tukisubiri kuitazama ililipiwa na nani? Na fedha za ukoo wa Peixoto, waliokuwa watu wenye uwezo wao. Bwana wa kipaza sauti hakuzitaja fedha hizo. Mali ya nyumbani ikimbeba mtoto wa kiume tunaambiwa kipaji kimepata nafasi. Mwanamke akipata fedha kwa mwanamume anayeishi naye, akazitia zote katika kazi, tunapewa habari za kitanda chake. Mimi nimechoka na habari za kitanda.

Carmen alizaliwa Vila Flor, Ureno, mwaka 1904. Familia ikavuka bahari kwenda Brazil mwaka 1912, watu wasio na kitu, naye akiwa bado msichana akafanya kazi ya kushona, kisha ya kuuza katika duka kubwa la Rio lililoitwa Parc Royal. Mwaka 1919, akiwa na miaka 15, akapata nafasi ya kuigiza katika Urutau. Ikapigwa, ikakamilika, na haikuingia katika majumba ya sinema kuuzwa tiketi. Wengi wangerudi dukani.

Yeye alirudi na kampuni yake mwenyewe. Katikati ya miaka ya 1920 akazishika riwaya mbili zilizokuwa zimewaudhi waungwana, A Carne na Mademoiselle Cinema, azitie kwenye filamu na kuigiza yeye. Moto ukateketeza kazi yote. Kumbuka kwamba filamu za wakati ule zilikuwa za nitrati, kitu ambacho kikishawaka hata ukikitumbukiza majini kinaendelea kuungua. Miaka ya kazi na mtaji wote vikaishia humo.

Hapa ndipo maisha yake yanaponishika koo. Katika miaka hiyo Carmen Santos alikuwa nyota. Magazeti ya sinema, Cinearte likiwa mojawapo, yalichapa picha zake, na wapenzi wa sinema walimwandikia barua, ilhali umma haukuwa umepata kuona filamu yake hata moja. Wanaomdharau hulitaja jambo hilo kama ushahidi kwamba alikuwa picha tupu. Mimi naliona kinyume. Huyu ni mtu aliyekuwa akilishikilia jina lake kwa mikono miwili, gazeti baada ya gazeti, ili siku filamu ikisimama pawepo na watu wa kuingia kuitazama. Nchi yenyewe haikuwa na viwanda vya filamu vya maana, na majumba ya sinema yalijaa kazi za Marekani. Angesubiri kualikwa na nani?

Filamu ilisimama mwaka 1929. Humberto Mauro, aliyekuwa akitengeneza filamu katika mji mdogo wa Cataguases huko Minas Gerais, alimpa Carmen nafasi kuu katika Sangue Mineiro, na Carmen akatia na fedha zake humo. Anacheza binti aliyelelewa na tajiri na kuumizwa na mapenzi. Edgar Brasil ndiye aliyeipiga. Kutoka Urutau hadi hapo ni miaka 10. Sijui wanaume wangapi wangevumilia miaka 10 ya filamu zisizotoka wakabaki na hamu ileile.

Sauti ilipoingia katika sinema, nyota wengi wa filamu bubu walizimika. Carmen akajenga studio. Mwaka 1933 alianzisha kampuni akaiita Brasil Vox Film; Fox ya Marekani ikalalamika kwamba jina limekaribiana mno na lake, akalibadili kuwa Brasil Vita Filme, kazi ikaendelea Tijuca. Humohumo Mauro aliiongoza Favela dos Meus Amores ya 1935, iliyopeleka kamera mlimani kwenye vibanda vya maskini wa Rio wakati wenye nafasi hawakutaka vibanda hivyo vionekane. Nayo imepotea.

Kisha Inconfidência Mineira, habari ya njama ya 1789 dhidi ya utawala wa Ureno, ile iliyompeleka Tiradentes kitanzini. Carmen aliing'ang'ania kwa takriban muongo mzima. Akaitayarisha, akaiongoza, akaigiza ndani yake, na ikatoka mwaka 1948. Wanawake walioongoza filamu ndefu Brazil kabla yake ni wa kuhesabu kwa vidole: Cléo de Verberena mwaka 1930, Gilda de Abreu mwaka 1946. Miaka minne baada ya kuitoa, Carmen alikufa kwa saratani akiwa na miaka 48.

Sababu ya dharau hii ni moja tu. Kazi zake nyingi zimeungua au zimeoza, na pale zilipokuwa pamebaki nafasi wazi. Uvumi hauhitaji ghala wala mtu wa kuutunza, kwa hiyo ndio uliobaki. Kijana wa Limite alipata bahati: nakala ya filamu yake ilipoanza kuoza walijitokeza watu wakahangaika miaka na miaka kuiokoa, na Mungu awalipe. Za Carmen nani alizihangaikia?

Waandaaji wametangaza kwamba wataendelea na filamu za Brazil. Nawaomba walete Sangue Mineiro. Ipo, imesalimika, na Carmen yumo tangu mwanzo hadi mwisho, si kwa dakika za kula tunda. Nitakuja na nitakaa safu ya mbele. Na kama msemaji atakuwa yuleyule, basi aje ameitazama.