Swali si bei ya sarafu, ni mahali ilipookotwa

Siku hizi haipiti wiki bila kutumiwa picha kwenye simu: sarafu kuukuu kiganjani, na swali lile lile, "Hii yaweza kuuzwa bei gani?" Swali la kwanza lingekuwa, "Imeokotwa wapi?"

Chukua sarafu za shaba za akina Ptolemy, ukoo wa Kiyunani uliotawala Misri hadi Cleopatra alipofariki mwaka 30 kabla ya Masihi. Nyingi zina kichwa cha mungu wao Zeus mwenye pembe ya kondoo dume. Upande wa pili tai amesimama juu ya radi, na maandishi yenye maana "ya Mfalme Ptolemy". Shida ni kuwa wafalme wote hao waliitwa Ptolemy. Kwa hivyo mtaalamu hupima uzito na upana, kisha hutazama kishimo cha katikati na herufi zilizo baina ya miguu ya tai. Ukiisugua kwa ndimu na mchanga ili ing'are, herufi hizo unazifuta wewe mwenyewe.

Na hata ikitambuliwa, haitoshi. Mwingereza mmoja, Haywood, alisema kuwa mwaka 1912 alipata sarafu Bur Gavo, pwani ya Wabajuni upande wa Somalia, si mbali na mpaka wetu. Wataalamu walizisoma, wakakuta za akina Ptolemy, za Roma na za Misri ya karne za baadaye sana. Lakini hazikuchimbwa kitaalamu, na mpaka leo wanahistoria wanazitilia shaka. Lau mahali pake pangejulikana kwa hakika, huenda tungekuwa na ushahidi wa biashara yetu na Misri kabla ya kitabu cha Periplus cha karne ya kwanza. Sasa tumebaki na ubishi.

Sheria ya Makavazi ya mwaka 2006 inamtaka anayevumbua kitu cha kale atoe taarifa. Wengi hawatoi kwa kuogopa kunyang'anywa, na hofu hiyo si ya kupuuzwa. Makavazi nayo yawafuate watu vijijini, yawape stakabadhi, na jina la aliyeokota liandikwe.

Ndugu yangu, ukiokota, usisugue. Piga picha, andika mahali, kisha peleka Fort Jesus au Makavazi ya Lamu. Hiyo ni amana ya wajukuu wetu.